Ukungu wa Pipa Langu

Mimi nimelelewa na mpika pombe. Mama alikuwa akifunika mtungi kwa blanketi kuukuu, na povu jeupe likipanda juu anapiga vigelegele: imeiva! Kwa hiyo bwana shamba alipotufundisha pale Nyasubi kutengeneza mbolea ya maji, yaani mboji unayoiloweka kwenye pipa upate maji ya kumwagilia mchicha, nilimsikiliza kwa sikio moja. Kijana wa juzi tu, ataniambia nini mimi kuhusu kuchachusha? Alisema tusifunike, ipate hewa, na ikiota ukungu na kunuka tuimwage. Tena mboji kavu yenye ukungu tusiikung'ute bila kujifunga kitambaa puani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilipofika nyumbani nikalifunika pipa langu kwa blanketi.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Geita. Miaka yote ile alichoronga mwamba ndani ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi la mawe likamkaa kifuani. Hospitali walishamwambia mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, ajilinde tu. Mwanaume aliyezoea nyundo akawa anashinda kibarazani akiangalia kuku. Siku moja akaniambia, "Mama watoto, nipe kazi. Nimechoka kuwa mgeni kwangu."

Masikini, nilivyofurahi! Nikampa pipa. Kukoroga ni kazi nyepesi, nikajisemea, haina mwamba wala vumbi.

Akawa anakoroga kila asubuhi, huku akiimba Kisukuma chake. Siku ya tatu akaniita, "Hebu njoo uone, limeota manyoya!" Nikachungulia. Utando mweupe, na pembeni madoa ya kijani. Nikamcheka. "Ndivyo inavyoiva hivyo, baba watoto. Ongeza mboji."

Magunia ya mboji yalikuwa stoo. Paa lilivuja yakalowa, kisha yakakauka humo humo. Akafungua moja, akalikung'uta juu ya pipa. Likatoka vumbi la kijivu, laini kama unga, likamfunika kichwa kizima. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, na wala sikusema kitu.

Jioni homa ikapanda. Kulipokucha alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Daktari akauliza alikuwa anafanya kazi gani, nikamweleza yote, hata blanketi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema tu kwamba ukungu ule umeingia kwenye mapafu ambayo tayari yalikuwa hoi. Dawa atapewa, ila tusitegemee makubwa.

Pipa nikalimwaga. Magunia nikayalowesha na kuyafukia, kanga nimeifunga puani. Sasa ndiyo najua kujifunga! Najichukia, basi. Nampepea, nampa dawa, namwinulia mto, halafu nimeishiwa la kufanya. Kuna saa namwangalia anavyotafuta hewa, na hewa imejaa uani kote, siwezi kumkatia hata kipande.

Juzi alinishika mkono. Siku hizi anaongea maneno mawili mawili.

"Mama watoto," akapumzika. "Nipe kazi."

Nikazungusha macho uani. Kuku, jembe, matuta ya mchicha, pipa tupu. Nikatafuta kazi isiyotaka pumzi. Nikakosa.