Mfupa Nilioutia Kikapuni

Nilipokuwa nasomea uganga msaidizi hospitali ya mjini, miaka michache baada ya Mapinduzi, darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja cha viungo vya mwili. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa za katikati zimeng'oka, na kilikaa kabatini chini ya ufunguo. Tulikisoma kwa zamu, kila mtu akinakili picha kwa penseli. Moyo niliouchora mimi ulifanana na embe. Kwa viungo vya ndani tulikwenda kwa muuza nyama Darajani, tukanunua figo na mapafu ya ng'ombe tukayapasua uani kwa wembe. Lakini mifupa ya ng'ombe haikutufaa, na kiunzi cha mifupa ya mtu cha darasani kilibaki kichwa, mbavu na mguu mmoja.

Mwalimu wetu alikuwa daktari mgeni, akizungumza nasi kupitia mkalimani. Akatwambia mtihani utakuwa wa mkono. Mifupa ataiazima bara, na itafika siku ya mtihani wenyewe. Kila mtu atapewa mmoja, aseme ni wa kulia au wa kushoto, na msuli upi umeshika wapi. Mimi hilo kwenye picha sikuweza kabisa kuliona.

Wiki hiyo nikenda Jambiani kumtazama shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Asubuhi nikateremka pwani. Maji makuu ya bamvua yalikuwa yamepiga na kumega ukingo wa makaburi ya zamani, yale ambayo hata wazee hawakujua ya nani. Mifupa ilikuwa nje, juu ya mchanga. Hapakuwa na mtu. Nikauona mfupa wa juu wa mkono, mzima, kuanzia begani hadi kiwikoni. Nikauokota, nikauzungusha, na palepale nikajua ni wa kulia.

Ilinipasa niurudishe chini. Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa tangu wadogo kwamba maiti ana heshima yake kama aliye hai. Nikauvingirisha ndani ya shati, nikarudi nao nyumbani, nikautia kikapuni chini ya mihogo aliyonipa shangazi.

Kabla ya adhuhuri habari zikaenea. Wanaume wakaja na majembe na sanda, na mimi nikaja nao. Tukaikusanya mifupa, tukaihamishia juu, mbali na maji. Nilishika jembe, nikaitikia dua. Mzee mmoja fundi wa madau, aliyekuwa akiipanga ndani ya sanda, akasimama.

"Huyu hana mkono," akasema.

Tukatafuta mchangani, na mimi nikitafuta pamoja nao, nimeinama, nikipekua mwani kwa vidole.

Nilipokuwa naaga, shangazi akaniuliza, "Wameuona ule mkono?"

"Hawakuuona. Labda bahari imeuchukua, shangazi."

"Labda," akasema, akanifungia kikapu kwa ukindu kisimwagike garini.

Mjini nilipanga chumba pamoja na mwenzangu wa darasani, mtu wa Tumbatu. Nilipoutoa mfupa akadhani wa mbuzi.

"Wa mtu," nikamwambia.

Akachukua kofia yake akatoka, na kwa siku mbili hakusema na mimi ila salamu. Nikaandika majina ya misuli juu ya mfupa kwa wino, kila jina mahali pake. Siku ya tatu akaja akakaa karibu yangu, akaunyooshea kidole bila kuugusa.

"Kwenye huu mfereji hapa kunapita nini?"

Nikamwonyesha. Tukasoma pamoja mpaka siku ya mtihani, na tukafaulu sote wawili. Wengi wa wenzetu hawakufaulu, na hatukuwaambia tulisomea nini. Nilipopongezwa mbele ya darasa nilitazama miguu yangu.

Nikajaribu kuusafisha mfupa kwa spiriti, kisha kwa ndimu na mchanga. Wino ulififia lakini haukutoka. Nikaurudisha hivyohivyo Jambiani, nikauweka mbele ya shangazi juu ya mkeka, nikamweleza yote.

"Umefaulu?" akauliza.

"Nshafaulu."

"Mimi nliwaambia watu ni bahari. Kila aliyeniuliza nlimwambia hivyo. Nimeisingizia bahari kwa ajili yako."

Nikamwomba tuuzike sisi wawili, kimyakimya. Akakataa. "Uliutafuta mbele yao. Utaurudisha mbele yao."

Baada ya sala ya alasiri nikasimama nje ya msikiti nikasema. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea. Nilisema tu kwamba niliuchukua mimi, kwa ajili ya masomo. Hakuna aliyenitukana. Wakachukua majembe. Fundi wa madau akaupokea mfupa, akayaona maandishi, akanitazama mara moja. Akauosha yeye mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia akanipa mgongo.

Miaka michache baadaye nilipangiwa kazi kwenye kituo cha tiba cha upande ule wa kusini. Watu wa Jambiani walikuja kwangu na watoto wao, na vidonda vyao na homa zao, wakaniita daktari, na shangazi akaniombea heri mpaka alipofariki. Fundi wa madau hakuja. Siku alipoanguka kutoka kwenye chombo alichokuwa akikitengeneza akavunjika mkono, nilipata habari nikamfuata nyumbani kwake na mbao za kufungia na bendeji.

Mwanawe alinipokea mlangoni, akaingia ndani, akarudi amejiinamia.

"Baba anashukuru," akasema. "Anasema atasubiri gari, ende mjini."

Gari lilikuwa la kesho yake. Nilikaa barazani kwake mpaka magharibi, labda angebadili nia. Nikamsikia ndani akiguna kwa maumivu kila alipojigeuza, na hakuniita.