Hirizi ya Sura ya Nne

Mimi ni fundi cherehani hapa Yeoville, Johannesburg, na nina mdomo. Nasema mapema mtu asije akashangaa. Mwaka juzi niliandika hadithi ya jasusi anayefanya kazi yake kwa uchawi. Nilikuwa naituma sura moja moja kwenye kundi la kina mama la kwenye simu, mwisho nikaichapisha kijitabu kwa mtu wa Fordsburg. Jasusi wangu ana hirizi. Akiivaa, askari anayemdai karatasi humtazama usoni asimwone.

Wasomaji, jamani! Mkenya mmoja wa benki kule Sandton aliniletea ujumbe mrefu kama mkeka, eti jengo nililolieleza haliingiliki bila kadi. Uchawi aliumeza wote, kadi ndiyo ikamkwama kooni. Mchungaji mmoja Mkongomani, aliyekuwa ameniletea kitambaa cha suti, alikuja kukichukua kabla sijakikata. Akasema kalamu yangu ina pepo, nikichome kitabu. Nikamwambia sifuti hata nukta. Nilikaa na hasira siku tatu. Mteja ni mteja, lakini kile kitabu nilikiandika kwa vidole hivi hivi vinavyochomwa na sindano kila siku.

Halafu akaja jirani yangu. Ni Mrundi, msusi, saluni yake imepakana na mlango wangu, na ni mtu mpole ajabu. Ananiita yaya, kwao ndiyo dada mkubwa. Siku hiyo aliingia, akafunga mlango, akatoa kifundo cha kitambaa cheusi kifuani.

"Yaya, hirizi nimeifanya kama ulivyoandika. Sindano saba, uzi mweusi, majivu ya barua. Ila maneno ya kusema hukuyaweka. Nipe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda miezi minne nyuma, na aliogopa kwenda ofisi ya wakimbizi kuiongezea muda, maana alisikia kwamba waliochelewa hukamatwa pale pale mlangoni. Binti yake wa miaka tisa angebaki na nani? Sasa hirizi imepatikana, ofisini haendi tena. Jumamosi atapanda basi kwenda Durban kufuata nywele za jumla, na polisi wakilisimamisha, watamtazama wasimwone.

Nikaweka mkasi chini.

"Mdogo wangu, nimetunga. Nilikaa kwenye kiti hiki nikatunga."

"Wenye nayo huwa hawakubali," akasema.

Hapo nikanasa. Kwetu Tanga ni hivyo hivyo: mwenye dawa kali hajitangazi, ukimwuliza atakwambia yeye ni mkulima tu. Kila nilipokana nilizidi kuwa mganga. Nikaapa kwa marehemu mama yangu, akainamisha kichwa kwa heshima. Nikasema nitaandika sura nyingine, hirizi ishindwe, jasusi atiwe pingu. Akasema hapo nitakuwa naificha tu, watu wasiitumie. Eish! Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia.

Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na mimi sikuwa tayari kumpoteza mtu kwa ajili ya sindano saba. Nikafungua sanduku, nikatoa daftari la kwanza kabisa, lile ambalo sijawahi kumwonyesha mtu kwa aibu ya yaliyomo. Nikalifungua kwenye sura ya nne, ile ya hirizi.

"Soma."

Akasoma akifuata kwa kidole. Sindano tatu, nimekata kwa kalamu. Ukucha wa paka, nimekata, pembeni nimeandika: hii inachekesha. Ganda la kitunguu, nimekata. Sindano tano, nimekata. Sindano saba, na pembeni: saba inatisha zaidi. Majivu niliyaingiza siku niliyounguza gauni la mteja kwa pasi, na hilo nalo nimeliandika.

Alirudia ukurasa ule mara mbili. Dawa ya kweli hairekebishwi, mtu huipokea ilivyo, na hilo yeye analijua kuliko mimi. Akakaa chini juu ya vipande vya vitambaa.

"Kwa hiyo hakuna," akasema.

"Hakuna."

Akalia. Na mimi nikalia, nikijiona mwizi, nimemwibia kitu ambacho mwenyewe ndiye niliyempa.

"Jumatatu tunakwenda ofisini, mimi na wewe," nikamwambia. "Binti atalala kwangu. Wakikuzuia, atakaa kwangu mpaka utoke, iwe wiki, iwe mwaka. Basi la Durban lisahau."

Jumatatu tulifika jua halijachomoza, na foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta. Baridi ya Joburg inaingia mpaka kwenye meno. Alinishika mkono muda wote. Tulipokaribia mlango akauliza, "Yule jasusi wako hana mtoto, sivyo?"

"Hana."

"Nilijua."

Wasomaji wote niliwabishia. Huyu alilipata kosa lenyewe, nikamkubalia kwa kichwa.

Ndani tulikaa kwenye benchi, na walipoita jina lake alijikunja nyuma ya bega langu. Sikumsukuma. Wakaita mara ya pili. Nikahisi vidole vyake vinauachia mkono wangu. Akasimama wima, akaitika kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia saluni kwake.

"Niko hapa! Ni mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, na karani akamwonyesha kiti.