Picha ya Mama Shimwa

Ungeingia nyumba yoyote ya mtaa wa Nyakabanda miaka ile, ukatazama ukutani, ungekuta kazi ya Ilyasi. Bwana harusi aliyekaza taya, mtoto mchanga aliyezama ndani ya kofia ya sufu, bibi aliyekalishwa kwenye kiti cha kuazima, wote walipita mbele ya kamera yake. Nyumba moja tu ilikuwa na ukuta mtupu, nayo ilikuwa yake mwenyewe. Mganga hajigangi, walisema majirani wakicheka, naye akacheka nao. Mkewe Uwizeye alipomwambia, "Baba Shimwa, siku moja na mimi unipige," alimjibu, "Kwani unakwenda wapi? Wewe upo, mimi nipo, kamera ipo." Wanaume tuna majibu, jamani. Utadhani tumeandikiana mkataba na Mungu.

Ndoa yao ilifungwa kimyakimya kwa shehe, kwa sababu baba yake Uwizeye, Mkristo wa kule Ndera, aliapa kwamba binti yake haolewi na Mswahili, maana kule Mwislamu huitwa hivyo. Basi hata picha ya harusi hawakuwa nayo. Picha pekee ya Uwizeye ilikuwa kwenye kitambulisho chake, na kitambulisho chenyewe askari alikichukua kwenye kizuizi cha barabarani mwaka 1990, vita vilipoanza, akamwambia akirudie kesho. Alikirudia kesho na keshokutwa mpaka akachoka. Tangu hapo, bila kitambulisho, akawa hatoki mtaani kwao, anashinda uani.

Mwaka uliofuata, mkurugenzi wa shule moja ya sekondari huko Kicukiro alimwomba Ilyasi awafundishe wanafunzi wa gazeti la shule kupiga picha na kuzitengeneza. Gazeti lenyewe lilikuwa la ukutani, karatasi zilizobandikwa nje ya ofisi, lakini vijana walilichukulia kama kitu kikubwa. Shule haikuwa na chumba cha giza. Kwa hiyo kila Jumamosi walimfuata kwake, wakajaa ule ua mdogo kama mahindi kwenye gunzi.

Alikuwa mwalimu kweli, na mwenye ukali wake. "Picha ya mbali inatuambia tuko wapi," alisema. "Ya kiuno inatuambia mtu anafanya nini. Ya uso, hapo unaingia ndani ya mtu, kwa hiyo bisha hodi kwanza." Halafu aliwaingiza kwenye chumba cha giza, akawaonyesha jinsi ya kusogeza mashine ya kukuzia ili pembe fulani ya picha ibaki nje ya karatasi. Kukata, ndivyo alivyokuita. Aliwafundisha pia kuunga vipande vya picha mbili viwe moja, lakini kwake yeye nusu ya ufundi ilikuwa ni kukata. "Kisicho na kazi kwenye picha, kitoe. Usikionee huruma."

Sasa ua ulikuwa mmoja, na mwenye ua alikuwa Uwizeye. Jiko lake lilikuwa pale, kamba ya nguo pale, na chai ya hao hao wanafunzi ilitoka pale. Kijana akiinua kamera tu, yeye anapita. Mtu aliyelelewa vizuri hapiti mbele ya watu wima, huinama. Naye aliinama, akavuta kitenge mpaka usoni, akapita upesi akisema samahani. Filamu zilipotoka kwenye dawa wanafunzi walimkuta humo vipandevipande, mgongo huku, kiwiko kule, sikio moja na kipande cha shavu.

"Mwalimu, mama iko huku pembeni," aliuliza Kamikazi, binti mwenye mkono mwepesi kuliko wote darasani. "Namufanya nini?"

"Kata."

Siku moja Uwizeye hakuinama. Labda alichoka kuinama nyumbani kwake mwenyewe, labda alifurahi tu. Kijana mmoja, Gasana, alikuwa anampiga mwenzake picha ya uso, na Uwizeye akasimama nyuma na sinia ya chai, akaitazama kamera sawasawa, akacheka. Gasana akakosea kulenga. Filamu iliposafishwa, yule mwenzake alikuwa ukungu mtupu, na Uwizeye alionekana wazi kabisa hadi nyusi. Ilyasi alikiinua kipande kile cha filamu kwenye mwanga mbele ya darasa zima. "Hii ndiyo picha iliyoharibika," akasema. "Mwenye picha hayumo, asiyehusika ameingia." Akakikata kwa mkasi, akakitupa kwenye ndoo ya taka. Wanafunzi walicheka. Uwizeye naye alicheka, kule mlangoni, kisha akarudi jikoni kwake.

Alikufa mvua za mwaka 1992. Malaria ilimpanda kichwani jioni, na siku hizo amri ya kutotoka usiku ilikuwa kali. Walipomfikisha hospitali kulipokucha, daktari alitikisa kichwa tu. Ilyasi alimzika, akapokea rambirambi, akafanya yote yanayotakiwa. Kulia alilia, sitamsingizia ushujaa.

Shimwa, mtoto wao wa pekee, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Majuma ya kwanza aliuliza mama yuko wapi. Baadaye akaacha kuuliza, na Ilyasi akadhani ni nafuu, mpaka asubuhi moja alipomwona kamng'ang'ania muuza nyanya pindo la nguo, anamwita mama. Juma lililofuata akamwita hivyo jirani wa nyuma. Mtoto alikuwa amebaki na jina, akawa anatafuta wa kumpa. Hapo Ilyasi akashikwa na woga uliomkosesha hata chakula. Alitaka kitu kimoja tu duniani, binti yake aujue uso wa mama yake, na yeye, mpiga picha wa mtaa mzima, hakuwa na uso huo wa kumwonyesha.

Akafunga duka lake la picha. Akatoa mabahasha yote ya filamu za Jumamosi, akaweka taa chini ya kioo, akatazama kipande kwa kipande. Amefunika uso. Ameinama. Amegeuka. Ameinama tena. Ile adabu ya mkewe ilimuuma kuliko tusi. Akakumbuka ndoo ya taka, akaenda shimoni nyuma ya nyumba ambako taka zilikuwa zimechomwa siku nyingi, akachokoachokoa majivu kwa kijiti huku majirani wakimtazama na kunong'ona. Maji yakimwagika hayazoleki, na filamu ikiungua hairudi.

Wanafunzi walipokuja kumpa pole walimkuta bado kakaa mbele ya kile kioo. Kamikazi aliinama, akatazama muda mrefu.

"Mwalimu, sikio tunalo," alisema polepole. "Shavu tunalo, na paji la uso. Si ulitufundisha kuunga?"

Laiti asingesema. Lakini alisema kwa upendo, mtoto wa watu, na Ilyasi alilidaka wazo lile kama mtu anayezama.

Uwizeye alikuwa na mdogo wake, Mukamana, na watu walizoea kuwachanganya wakiwaona kwa mbali. Ilyasi akatuma mtu Ndera. Mukamana akaja bila baba yake kujua, akavaa kitenge cha marehemu, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Futa machozi, shemeji," Ilyasi alimwambia, "yanang'aa kwenye picha." Akampiga picha ya uso. Kisha Kamikazi akashika wembe. Macho, pua na mdomo vya Mukamana vikapachikwa kati ya paji, shavu na sikio la dada yake, vikabanwa kwa gundi, maungio yakapitishiwa brashi na wino mpaka yasionekane ila kwa anayejua. Wakakipiga picha upya kile walichounga. Chini ya taa nyekundu, uso ukaanza kupanda ndani ya dawa.

"Safi," alisema Ilyasi. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu mazishi.

Mukamana alipoletewa aliishika kwa mikono miwili. "Shemeji, kazi ni nzuri. Lakini huyu simjui."

"Ni dada yako."

"Hapana. Si dada, na si mimi."

"Unayo nyingine?" Ilyasi alimkaripia. Mukamana hakuwa nayo. Akaiweka mezani, akaaga.

Picha ikatiwa fremu, ikapachikwa kwenye ukuta uliokuwa mtupu. Ilyasi akamwinua Shimwa. "Huyu ni mama," akamwambia, naye mtoto akatazama, akaweka mkono kwenye kioo, akalirudia lile neno. Tangu siku hiyo hakumwita tena muuza nyanya. Aliisalimu picha akiamka, akaipaka kioo uji akiilisha, akiadhibiwa akaenda kuishtakia. Ilyasi aliyaona hayo akajisemea kwamba amefaulu, na Jumamosi akarudi kufundisha picha ya mbali, ya kiuno na ya uso.

Mwaka 1993 ulipokuwa unaisha, Shimwa alikwishakuwa mtoto wa maswali. Siku moja mchana alichukua kioo cha wateja, kile cha kuchania nywele, akapanda kiti, akakiweka karibu na fremu. Akatazama picha, akajitazama, akatazama picha tena.

"Baba, mimi sifanani na mama."

"Unafanana naye sana. Mtaa wote ulikuwa unasema."

"Wapi? Macho si haya. Pua si hii."

Ilyasi alifungua mdomo amwambie ni wapi. Mtoto alisubiri, kageuza uso wake kwenye mwanga ili baba aone vizuri. Watu walisema ni macho, au walisema ni mdomo? Akafumba macho amtafute mkewe, aje asimame tu kama alivyokuwa. Akaja yule wa ukutani, mwenye macho ya Mukamana na mstari wa gundi chini ya sikio. Akafumbua, akasugua macho, akafumba tena, akangoja zaidi.

Akaja yuleyule.