Chorba ya Siku ya Wanawake

Tarehe nane Machi, hapa Setif, Aljeria, wanawake wa posta tunapewa ua la waridi na ruhusa ya kwenda nyumbani adhuhuri. Wenzangu walikwenda ukumbini kucheza na kula keki. Mimi, mtu mzima wa miaka arubaini na tisa mwenye magoti yanayolia kila nikiinama, nilikwenda kufanya mtihani.

Nasoma kwa masafa, maana yake nasoma nikiwa mbali na kila kitu isipokuwa jiko. Mtihani wa kuzungumza Kifaransa, unaofanywa kwa simu ya video, nilikuwa nimeshaanguka mara mbili. Nikianguka tena, kozi inanitoa. Na mume wangu Rabah ameshawatangazia majirani wote kwamba mkewe ni msomi, hata muuza mkate ananiita profesa. Ningeficha wapi uso wangu?

"Mama Lotfi, leo siku yenu," Rabah akasema. "Supu ya chorba napika mimi."

"Unajua inavyopikwa?"

"Nimeinywa miaka ishirini na mitano!"

"Na basi la kwenda Aljeri umelipanda miaka mingapi? Unaweza kuliendesha?"

"Wee mwanamke, nenda kasome huko!"

Nikampa maagizo ya nyama, ya ngano, ya giligilani, hata ya kushika mwiko, kisha nikaingia chumbani nikaacha mlango wazi. Eti nipate hewa.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti kavu. "Bi Wassila, siku ya wanawake ina maana gani kwako?"

Moyo ukaruka kwa furaha. Hotuba hiyo nilikuwa nimeikariri wiki nzima, nikiwasumbua wateja dirishani.

"Mwanamke si mtumwa wa jiko," nikaanza, kidevu juu. "Mwanaume naye ana mikono. Tumwachie naye..." Pua ikanasa harufu ya kitunguu. "Rabah! Punguza moto!"

Mwalimu akavua miwani. "Nani anapika huko?"

"Mume wangu, mwalimu."

"Na asiyemwachia ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Hotuba yote ikanitoka kichwani, sikubakiwa hata na salamu.

"Funga mlango," akasema. "Halafu niambie yako mwenyewe, si ya kukariri."

Nikafunga. Nikamweleza, kwa Kifaransa kinachochechemea, kwamba nilipokuwa na miaka kumi na miwili mama alijifungua mapacha, nikatolewa shule nije nipike. Aliniambia ni mwaka mmoja tu; shule sikurudi tena. Hapo ndipo nilipoisikia harufu: chorba ilikuwa inaungua. Na sauti ya Rabah ilitoka roshani, akibishana na jirani juu ya penalti.

Sufuria ile alinipa marehemu mama siku ya harusi yangu. Nikiinuka, kozi imekwisha. Nikikaa, sufuria imekwisha. Nikashika kiti kwa mikono miwili kama mtoto anayenyolewa. Machozi yakanitoka, nami nikaendelea kusema, "Mwaka mmoja tu, mwalimu. Mmoja tu."

Mwalimu naye akatoa kitambaa akafuta macho. "Uchungu wako umenigusa sana, Bi Wassila. Kumi na tatu kwa ishirini. Umepita."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nusu ya uchungu ule ulikuwa wa sufuria.

Nikafungua mlango, moshi ukanipokea. Rabah alisimama katikati ya jiko, sufuria nyeusi mkononi.

"Usinipige kwanza. Imeshika kidogo tu."

"Kidogo? Hayo si makaa?"

"Umepita?"

"Nimepita."

Akapiga kelele ya furaha, kisha akanitazama. "Hebu ngoja. Pua yako wewe inasikia moto kabla kiberiti hakijawashwa. Hukuisikia hii?"

"Niliisikia."

"Ukakaa tu?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, maana hiyo ndiyo kazi yangu katika nyumba hii, lakini mzaha haukuja.

"Nikakaa tu," nikasema, na kilio kikaanza upya, na safari hii sufuria haikuwamo.