Nilivyombeba Mtoto Asiye Wetu

Naandika haya usiku huu huu. Likizo hii nimepelekwa kwenye chekechea moja hapa Kariakoo, nione kama kazi ya kulea watoto inanifaa. Leo Mwalimu Mwajuma amenikabidhi watoto ishirini niwatembeze sokoni, akaniambia, "Binti, ukirudi na pungufu, ualimu utausikia redioni."

Sura zao bado sijazishika, ila wote walivaa mashati ya kijani, kitambaa cha duka la ushirika. Tulipofika kwenye nyanya nikahesabu: kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa. Mimi na aibu yangu, hata kumuuliza muuzaji mmoja sikuthubutu.

Ndipo nikamwona mtoto amechuchumaa kando ya matenga, kavaa shati lile lile. Nikambeba mbio, wale kumi na tisa nyuma yangu. Alilia na kunipiga mateke njia nzima, nami namnong'oneza, "Nyamaza, utaniharibia kazi."

Tulipoingia uani, Mwalimu akamtazama yule mliaji. "Yule wako wa ishirini, Saidi, kachukuliwa na bibi yake hapo sokoni, wamepita hapa kuniaga. Huyu umemtoa wapi?"

"Mwalimu, shati lake..."

"Kitambaa hicho kimegawiwa juzi. Mtaa mzima umeshona."

Nje ya lango watu walikuwa wamejaa, na sauti ya mwanamke ikawapita wote: "Kaingia humu. Msichana wa sekondari, kambeba mwanangu kama mkungu wa ndizi."

Mwalimu akanishika mkono, akafungua lango. "Mrudishe mwenyewe, na useme ulivyokosea."