Tambuu Niliyoitafuna Kwale

Wenzangu wenye maduka hapa Msambweni waliniomba niende Kwale niutazame mji, nirudi niwaeleze kama kuna faida ya kuomba kiwanja huko. Nilikubali upesi hata wakanishukuru, wakadhani nina moyo wa kujitolea. Sikuwa nao. Nilikuwa nimekwisha azimia kwenda, na ningekwenda hata kwa miguu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba shemeji yangu Hamisi amepokea posa ya mwanangu.

Huyu Hamisi ni ndugu wa mke wangu, kwa hiyo ni mjomba wa binti yangu Mwanakombo. Kazi yake ni tarishi wa boma. Tarishi tu, mtu wa kupeleka barua kutoka mlango huu hadi mlango ule, lakini ukimsikia mke wangu akimtaja utadhani yeye ndiye aliyeijenga Kwale. Mwanakombo alikwenda kwake kumsaidia mke wa Hamisi alipojifungua, na tulikubaliana akae mpaka mtoto atambae. Mtoto alitambaa, akasimama, akaanza kufukuza kuku, na binti yangu hakurudi. Kisha mchuuzi mmoja wa machungwa akaniambia, dukani kwangu na mbele ya wateja, kwamba watu wa Golini wamepeleka tambuu kwa Hamisi na mambo yamekwisha kuwa tayari.

Asiyejua mambo yetu nimweleze kidogo. Kwetu Udigoni, kwa mila ya zamani, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Kwa sheria ya dini, baba ndiye walii wa bintiye, na nikaha haifungwi bila yeye. Sisi tunaishi na yote mawili, na kila mtu huvuta lile linalomfaa siku hiyo. Tambuu nayo ina kanuni yake. Watu wa posa huleta sinia ya majani ya tambuu, popoo na chokaa yake ya kulia, wakaiweka, wakangoja. Mwenye binti akitafuna, amekubali. Asipotafuna, sinia hukaa hapo mpaka wenyewe waelewe. Kwa habari niliyopata, Hamisi alikuwa ametafuna, na mimi niliyemzaa nilikuwa napima kanga dukani sina habari.

Asubuhi ya Alhamisi nilipanda lori la nazi, nikakaa mbele na dereva. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu nzuri, na mke wangu aliiona, akaniuliza, "Kanzu hiyo ni ya kutazamia viwanja?" Nikamwambia serikali haimsikilizi mtu aliyevaa vibaya. Akanifungia mkate wa mofa nimpelekee kaka yake. Nikaupokea kwa shingo upande.

Kutoka Msambweni mpaka Ukunda barabara ni ya mchanga na mashimo, minazi huku, mikorosho kule. Dereva alikuwa msemaji. Akaniuliza ninakwenda kwa nani, nikamwambia. "Ah, kwa Mzee Hamisi," akasema, "huyo mtu mwema sana, kila mtu Kwale anamjua." Tulipita Tiwi, wanawake wameanika mihogo kando ya njia, mpaka njia panda ya Kombani, na hapo lori likaiacha pwani likageuka kupanda mlima.

Hapo ndipo wivu wangu ulipopata chakula. Udongo unageuka mwekundu, miti inakuwa mikubwa, na joto linakuacha kidogo kidogo mpaka unajikuta unafunga vifungo vya koti. Tulipofika Golini dereva alisimama kutia maji, nikageuka nyuma, nikaiona bahari yote chini imetandazwa. Bahari ni yetu. Sisi ndio tunaoivua na kuoga chumvi yake, lakini uzuri wake unaonekana kutoka kwao. Wallahi niliudhika.

Adhuhuri nikashuka Kwale. Niwaeleze mji wenyewe, maana ndilo nililotumwa. Boma liko juu kabisa, limepakwa chokaa nyeupe, na bendera inapepea mbele. Kando yake iko mahakama, kisha posta ndogo, hospitali, nyumba za askari, na jela ambayo wafungwa wake ndio wanaofyeka majani ya mji mzima, kwa hiyo mji ni safi bila mwenyeji kushika panga. Maduka ni machache, mengi ya Wahindi. Soko ni dogo lakini lina machungwa, mahindi na kunde, na Waduruma huja kutoka upande wa Kinango na mbuzi na makaa. Siku za kesi mji hujaa watu wenye njaa, na hoteli ya mahamri iko moja. Aliyefikiria kufungua hoteli afikirie tena kwa haraka.

Hamisi alinikuta sokoni. Alikuwa na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akaja mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji, karibu sana. Nimekutumia salamu mara ngapi uje?"

Ni kweli alituma salamu, kwa madereva, zaidi ya mara moja. Mimi nilidhani anataka kunionyesha nyumba yake mpya, na sikuwa na hamu ya kuiona.

Nyumba yenyewe, kwa bahati mbaya, ni nzuri. Ni ya udongo na makuti kama zetu, lakini imesimama mahali pa upepo, ina baraza pana na michungwa nyuma. Mwanakombo alitoka jikoni, akaweka chini ungo aliokuwa ameushika, akanipa shikamoo. Nikamwitikia. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi imetakata. Nikamwuliza hali, akasema, "Njema, baba. Nyumbani kwetu hapa hakuna mbu."

Nyumbani kwetu. Nilikula wali wa Hamisi siku ile nikiyahesabu maneno hayo.

Alasiri Hamisi alinitembeza. Kila hatua mtu anamsimamisha: karani anamsalimu, askari wa bara anamtania, mama muuza kunde anamwuliza habari za kesi ya mwanawe. Akanionyesha viwanja upande wa njia ya Kinango, vimepimwa na kuwekewa vigingi. Nikatafuta kasoro kwa bidii, na kasoro zipo. Maji ya bomba ni ya wakubwa, raia hushuka bondeni na kupanda na madebe. Tembo hutoka msituni wakala mihogo, na hakuna wa kuwashtaki. Ukungu wa asubuhi huzuia nguo kukauka. Samaki wao ni wa jana. Nilimwuliza mwuza samaki papa yule amepanda mlima lini, akaangalia pembeni, na mimi nikafurahi kuliko inavyompasa mtu mzima kufurahi.

Njiani kurudi Hamisi akasema, "Shemeji, kuna jambo la mtoto nataka tuzungumze."

"Kesho," nikamwambia.

Baada ya chakula cha jioni akaanza tena, nikamwambia nimechoka na safari. Nilikuwa na hotuba yangu, na sikutaka kuimaliza mbele ya mtu mmoja. Mke wa Hamisi alikuwa amenidokeza kwamba kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa Golini watakuja. Nilitaka wanisikie wote. Nilikusudia kuwaambia kwamba posa hii haina baba, kwamba aliyetafuna tambuu si walii, na kwamba mwanangu ataondoka na mimi kwa lori la Jumamosi.

Ijumaa, baada ya sala, watatu walikuja: Mzee Sudi, baba wa kijana, pamoja na nduguze wawili. Kijana mwenyewe ni karani wa posta, hakuja, kama ilivyo adabu. Tukakaa barazani juu ya mikeka. Katikati palikuwa na sinia imefunikwa kitambaa cheupe. Salamu zilikwenda mbali, za mvua, za mashamba, za pwani, na mimi nikaitikia kwa ufupi. Kisha Hamisi akanyosha mkono, akafunua sinia. Tambuu ilikuwa mbichi, imepangwa vizuri, popoo imekatwa. Ile ya posa nilijua imekwisha liwa, nikadhani hii ni ya kukaribishia wageni tu.

Nilimwona yeye, nyumba yake, upepo wake, na mwanangu nyuma ya mlango wake. Nikasema moyoni, hata tambuu humu ndani lazima aanze yeye. Na kinywa changu kilikuwa kimekauka kwa hasira. Nikachukua jani kabla yake, nikalitia chokaa.

"Shemeji, ngoja kidogo," akasema Hamisi, akaugusa mkono wangu.

"Nimengoja vya kutosha," nikamjibu, nikatia kinywani, nikatafuna, nipate mate ya kusemea.

Mzee Sudi akawatazama nduguze. Kisha akainua mikono miwili, akasema, "Alhamdulillahi. Baba amekula," na wote watatu wakasoma Fatiha. Nami, kwa kuwa Fatiha ikisomwa mtu haachi mikono chini, nikainua yangu, shavu likiwa limejaa.

Hamisi hakucheka, na hilo nitamhesabia. Aliinama, akaniambia taratibu, "Mimi sikuila, shemeji. Walipoileta mara ya kwanza niliwaambia mwenyewe yuko Msambweni. Majani yakinyauka wanabadilisha. Nilikuwa nakutumia salamu uje uamue wewe. Jana nilitaka kukuambia."

Sasa fikirini hali yangu. Ningeitema pale, mbele ya wazee walioniheshimu, aibu ingemwangukia Mwanakombo, na Kwale yote ingejua kabla ya magharibi. Ningemeza, ningekuwa nimemwoza mwanangu kwa wivu wa jani la tambuu. Nikainuka, mdomo umefumba, nikawaomba radhi kwa mkono, nikapita ndani mpaka uani.

Mwanakombo alikuwa amesimama karibu na michungwa, mtoto wa Hamisi amelala begani kwake. Amesikia yote, bila shaka. Nikatema kando ya ukuta, nikafuta mdomo, na hotuba yangu yote ikawa imepotea. Nikamwuliza lile lililokuwa likinichoma tangu dukani.

"Mjomba wako alikuuliza kama unamtaka huyu kijana?"

"Aliniuliza, baba. Aliniuliza mara nyingi."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilimwambia jibu langu nitampa baba akija."

Nilishika tawi la mchungwa. Miezi yote ile nilikuwa nikimwona Hamisi ananinyang'anya mtoto, usiku na mchana, mpaka nikauchukia mji mzima kwa ajili yake. Kumbe kulikuwa na neno moja ambalo hakuna mtu Kwale aliyelipata, si mjomba, si mke wa mjomba. Lilikuwa limewekwa, linaningoja mimi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwa majivuno, na kwa dakika ile nilitamani Hamisi aje asikie.

"Basi nimekuja," nikamwambia. "Nijibu."

Akambadilisha mtoto bega. Akatazama chini.

"Ninamtaka, baba. Na ninataka kukaa hapa."

Nilirudi barazani. Nikakaa mahali pangu, nikachukua jani jingine, nikalitia popoo na chokaa polepole ili kila mtu aone, nikatafuna. Mzee Sudi aliona, akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamsogezea Hamisi sinia, nikamwambia, "Kula, shemeji. Wewe ndiye utakayekuwa naye." Akala.

Jumamosi asubuhi, kwa ukungu, nilipanda lori peke yangu. Mwanakombo alinisindikiza mpaka sokoni na kikapu cha machungwa ya kumpelekea mama yake. Aliponiaga hakulia, na mimi nikajishughulisha na kikapu. Tulipofika Golini sikugeuka nyuma kuitazama bahari, nilikuwa naiendea. Tiwi joto likanipokea, Ukunda vumbi, na baada ya adhuhuri nikawa Msambweni, kanzu ina doa la tambuu kifuani ambalo mke wangu aliliona kabla ya salamu.

"Umeipeleka wapi kanzu hii?" akaniuliza.

"Nimemwoza mwanao," nikamwambia. Akakaa kitako. Nikamsimulia yote, hata lile la kutema ukutani, naye alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kilipokwisha akawa anafuta macho kwa leso muda mrefu.

Wenzangu wa maduka, taarifa yenu ni hii. Kwale ni mji wa kuwekea duka. Watu wa serikali wapo mwaka mzima, watu wa kesi wanakuja wenyewe, hewa ni nzuri na mbu ni wachache. Maji, tembo na ukungu nimekwisha vitaja, na kila mtu apime mwenyewe. Atakayepeleka samaki wabichi kwa lori la alfajiri atauza mpaka kikapu. Vigingi vya viwanja viko njia ya Kinango, na shemeji yangu Hamisi atawaonyesha; mwulizeni mtu yeyote, atamjua. Nami nimejifunza hili: nilimwonea wivu mtu ambaye hakuwa amechukua kitu changu. Yeye simwonei tena. Sasa nauonea mji, kwa sababu jibu la mwanangu nililipata mimi, lakini mji ndio aliouchagua.