Dagaa Wasio na Mchanga

Mwaka ule Fidélie alitembea kifua mbele, kwa sababu dagaa wake hawakuwa na mchanga. Wachuuzi wengine wa Nchelenge, upande wa Zambia, walianika chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, palepale ufukweni, na mlaji akatafuna mpaka meno yakalia. Dagaa wake walikuwa safi, na siri yake hakumwambia mtu.

Siri ilikuwa bustani ya baraza la mji, kando ya ziwa. Alianza kwenda pale wakati wa baridi, akisubiri boti ya kumrudisha kwao Kilwa, upande wa Kongo. Mfagiaji, mwanamke mpole aliyeitwa Agness, alimwonyesha benchi lenye jua. Joto la Oktoba lilipokuja, akamhamishia kivulini na kumletea maji ya kunywa. Basi wakashibana.

Mvua zikaanza, ufukwe ukawa matope, na ziwa lilikuwa karibu kufungwa ili samaki wazaane. Fidélie alikuwa na mzigo mbichi. Akawatia dagaa chumvi wasioze, na kila Jumapili, mji mzima ukiwa kanisani, aliwatandaza juu ya nyasi za bustani. Jioni aliwazoa, akaenda zake.

Kufikia Januari bustani yote ilikuwa kijani kibichi, isipokuwa pale alipoanika. Nyasi zilikauka mabakamabaka kama kichwa chenye mapunye. Mkubwa wa bustani alidai Agness ndiye aliyemwaga maji ya sabuni, akamfukuza kazi. Fidélie, aliyekuja siku hiyo kuuza vitenge, alikuwa kwenye benchi lilelile na alisikia kila neno. Aliogopa kuzuiwa asifanye biashara Nchelenge tena, akanyamaza. Tangu hapo dhamiri ilimsuta.

Machi ziwa likafunguliwa. Agness alikuwa nje ya lango la bustani, akikaanga vitumbua vya kuuza. Fidélie alimpelekea bakuli la dagaa, kana kwamba dagaa wangemsemea.

"Aksanti, mama Fidélie," Agness alisema kwa Kiswahili cha Kongo, akitafuna mmoja. "Hakuna muchanga. Ulianika tena ku majani?"

Fidélie alichuchumaa kando yake. "Ulijua?"

"Kisha ya Jumapili nilikuwa naona magamba. Nilikuwa nayafagia mbele mukubwa afike, basikufukuze."

"Na siku balikufukuza weye, juu ya nini haukusema?"

Agness aligeuza kitumbua kwenye mafuta, akamjibu kwa heshima ya Kibemba. "Ulikuwa pale ku benchi, mukwai. Nilizania utasema weye mwenyewe."

Boti ya Kilwa ilikuwa ikiita abiria. Fidélie aliitazama ikijaa. Kisha akaipa mgongo, akashika njia ya kwenda ofisi ya baraza.